Somo: Kupanga Safari ya Kutazama Sanaa za Maonyesho Dar es Salaam

Mkazi wa Manyovu, Kasulu au Kibondo anayetamani kwenda Dar es Salaam kutazama ngoma na michezo ya kuigiza hana budi kusafiri zaidi ya kilomita 1,000. Mwisho wa juma wa siku mbili waweza kumtoa nyumbani siku nne au tano. Kwa hiyo tiketi ya onyesho aghalabu ndiyo gharama ndogo kuliko zote, na fedha nyingi hupotea katika nauli, malazi na chakula. Katika somo hili tunaeleza namna ya kuzilinda.

1. Anza na onyesho. Kijiji cha Makumbusho huonyesha nyumba za jadi na ngoma. Ukumbi wa Little Theatre, Oysterbay, hutoa michezo ya jukwaani. Ratiba hubadilika. Piga simu kwa wahusika wenyewe, uulize tarehe, saa na kiingilio, kabla hujalipa senti kwingineko.

2. Kisha nauli. Nauli za mabasi ya mikoani hudhibitiwa na LATRA. Dai tiketi yenye kiasi ulicholipa, wala usikubali kuongezewa kituoni. Basi likikufikisha Dodoma, waweza pia kuendelea kwa treni ya SGR, iliyoanza kufika huko mwaka 2024. Linganisha jumla ya njia zote mbili.

3. Ndipo malazi. Wahenga walisema rahisi ni ghali. Tuchukue mfano. Gesti ya mbali yatoza Sh 20,000 kwa usiku, na teksi ya kurudi baada ya onyesho Sh 18,000: jumla Sh 38,000. Gesti iliyo karibu, tuseme Sinza kwa anayekwenda Makumbusho, yatoza Sh 30,000, na bajaji Sh 4,000: jumla Sh 34,000. Kwa usiku mbili, chumba kilichoonekana ghali kimekuokolea Sh 8,000. Uliza pia: bei ni ya chumba au ya kila mtu? Kifungua kinywa kimo? Nikiahirisha safari, malipo ya awali yatarudishwa? Majibu yaandikwe, walau kwa ujumbe wa simu.

Jihadhari na anayekuhimiza kutuma fedha kwa namba ya mtu binafsi. Ukitumia Lipa Namba, hakikisha jina linalotokea ni la biashara yenyewe kabla ya kuweka namba ya siri.

4. Chakula. Kwa mama lishe, mlo wa mchana hugharimu sehemu ndogo ya bei ya hotelini. Uliza bei kabla ya kuagiza, na tenga fedha za kila siku mbali na nauli ya kurudi. Nauli hiyo isiguswe kwa lolote.

Mali bila daftari hupotea bila habari. Tunza tiketi, risiti na ujumbe wote wa malipo mpaka urudi nyumbani. Ukidhulumiwa, zungumza kwanza na mtoa huduma. Asipokusikiliza, peleka lalamiko la usafiri LATRA, na la biashara nyingine Tume ya Ushindani. Lalamiko lisilo na ushahidi ni vigumu kulisaidia.

Zoezi: Andika bajeti ya watu wawili kwa siku tano. Je, ukiondoa nauli ya kurudi, zilizobaki zatosha?