Dondoo muhimu: Pamba kwenye ardhi ya chumvi
Huko Khorezm, Uzbekistan, wakulima hufurika mashamba mwishoni mwa baridi ili kuosha chumvi kabla ya kupanda. Usitie naitrojeni kabla ya kuosha. Naitreti itazama pamoja na maji. Zibua kwanza mitaro ya kutolea maji, la sivyo maji ya chini ya ardhi yatapanda na kuirudisha chumvi ileile.

Pamba iliyokomaa huvumilia chumvi, miche haivumilii. Ukimwagilia kwa mifereji, chumvi hukusanyika kileleni mwa tuta, kwa hiyo panda ubavuni.

Gawa mbolea: kidogo miche ikishasimama, sehemu kubwa kuanzia matumba hadi maua. Pamba iliyodumaa kwa chumvi haiponi kwa kuongezewa urea. Hizo ni pesa zilizotupwa.