Ukipanda Treni ya Mwendokasi Ulaya, Anza na Pasipoti

Anayejiandaa kwenda Ulaya kwa mara ya kwanza huuliza kwanza treni zao zinakimbia kiasi gani. Zinakimbia kweli. Eurostar ya London hufika kilomita 300 kwa saa, karibu mara mbili ya SGR ya Dar es Salaam hadi Dodoma ambayo mwisho wake ni 160. Lakini kasi ni kazi ya dereva. Yako wewe ni viza, stesheni na saa, na hapo ndipo wageni hukwama. Vidokezo hivi ni vya mwenye pasipoti ya Afrika Mashariki, siku za kuhesabu, na miji mikuu miwili mitatu anayotaka kuiona.

1. Panga safari kwa mstari, usizunguke

Uingereza haimo katika eneo la Schengen, yaani nchi za Ulaya zinazotumia viza moja ya pamoja, na viza ya upande mmoja haikuingizi upande wa pili. Hilo wengi wanalijua. Wasilolijua ni hili: una viza ya Schengen ya kuingia mara moja, umetua Paris, ukapanda treni kwenda London kumsalimia shangazi. Viza imekwisha. Ofisa wa Ufaransa ameshakuhesabu kuwa umetoka, tena palepale stesheni ya Gare du Nord, kabla hujaliona hata behewa. Tiketi yako ya ndege ya kurudi nyumbani kutoka Paris sasa ni karatasi tu, hata kama kwenye viza zimebaki siku kumi.

Dawa ni mbili. Ama omba viza ya kuingia mara nyingi na uambatanishe ratiba inayoonyesha kwa nini unaihitaji, ama anzia Berlin, pitia Paris, malizia London na urukie huko huko. Mimi ningechagua hiyo ya pili hata kama nauli ya ndege inazidi kidogo, maana ubalozi ukikunyima viza ya mara nyingi hutakuwa na la kupangua.

2. London ichukulie kama uwanja wa ndege

Eurostar huondokea St Pancras, jengo la matofali mekundu lililopakana na King's Cross. Treni ilihamia hapo Novemba 2007 kutoka Waterloo. Hapa hakuna kudandia. Unaskani tiketi getini, begi linapita kwenye mashine, mkanda na simu kwenye trei, halafu unasimama mbele ya polisi wa mpaka wa Ufaransa ilhali bado uko katikati ya London. Tangu Oktoba 2025 Ulaya imeanza mfumo mpya wa kuwasajili wageni kwa kompyuta badala ya mihuri, kwa hiyo utapigwa picha ya uso, na wengine huchukuliwa alama za vidole. Foleni inaweza kukutoa jasho hata Januari.

Geti hufungwa nusu saa kabla ya treni kuondoka. Fika saa moja na nusu kabla. Faida yake utaiona Paris, ambako unashuka na kwenda zako kama umeshuka daladala. Hakuna anayekuuliza kitu.

Kutoka Paris kwenda London mambo ni hayo hayo, ila kunakuwa na madirisha mawili: Mfaransa anakutoa, hatua chache mbele Mwingereza anakuingiza. Barua ya mwaliko na anwani ya unakofikia viwe mkononi. Usiviweke ndani ya sanduku lililokwisha kufungwa.

3. Bara ni mambo mengine kabisa

Paris hadi Brussels ni saa moja na dakika 22. Hakuna geti la uhamiaji wala mashine ya mabegi. Unafika robo saa kabla, unatazama namba ya behewa, unapanda. Pasipoti ibaki mfukoni hata hivyo. Ujerumani ilirudisha ukaguzi kwenye mipaka yake yote ya nchi kavu Septemba 2024, na polisi wanaweza kupita behewa kwa behewa. Kumwambia polisi "iko hotelini" si jibu.

4. Saa ni za kizungu, tena za nchi mbili

Tiketi huandikwa kwa saa 24. Ikisema 15:00 ni saa tisa alasiri. 20:00 ni saa mbili usiku. Binamu aliyekaa huko miaka mingi akikwambia "treni yetu saa mbili", muulize ni saa mbili ipi, kwa sababu huenda ana maana ya saa nane mchana.

Halafu Paris, Brussels na Amsterdam ziko saa moja mbele ya London, na tiketi huandika saa ya kila mji. Ukiona unaondoka London 10:00 na kufika Paris 13:20, safari ni ya saa mbili na dakika ishirini tu.

5. Stesheni ni nyingi kuliko unavyodhani

Paris ina stesheni kubwa saba, na hakuna hata moja inayoitwa "ya Paris" tu. Ukitoka London, Brussels au Amsterdam utashukia Gare du Nord. Treni ya kasi ya Berlin haiko hapo, iko Gare de l'Est, mwendo wa dakika kumi kwa miguu. Za Lyon, Italia na Uhispania ziko Gare de Lyon. Panda treni ya mjini iitwayo RER D kutoka Gare du Nord, kituo cha pili unashuka. Usipange kuunganisha treni mbili za Paris kwa chini ya saa moja na nusu ukiwa na masanduku.

Brussels nayo ina lugha mbili, na ubao wa matangazo hubadilika huku unautazama. Midi na Zuid ni stesheni moja. Lille ni Rijsel, Liège ni Luik. Fuata namba ya treni iliyo kwenye tiketi, ndiyo isiyobadilika.

6. Tiketi: wahi

Bei hupanda kadiri viti vinavyojaa, kama ndege. Ijumaa jioni na Jumapili ni ghali. Tiketi ya bei ya chini kabisa mara nyingi haibadilishwi wala hairudishwi fedha, kwa hiyo usiinunue kabla viza haijatoka, hata tangazo likushawishi vipi.

7. Mzigo: hakuna mizani, ila hakuna mpagazi

Eurostar inakuruhusu masanduku mawili yasiyozidi sentimita 85 kila moja pamoja na begi la mkononi, na hakuna anayekupimia kilo. Kwa sisi tulionyanyaswa na kilo 23 za ndege, hiyo ni sherehe. Shida ni kwamba utayabeba mwenyewe, utayapandisha mwenyewe, na rafu ya chini iliyo mwisho wa behewa hujaa mapema. Wahi kupanda. Fedha, pasipoti na dawa usiviache kwenye rafu hiyo. Wezi wa Gare du Nord na Brussels-Midi hufanya kazi dakika ile treni inaposimama.

8. Sambusa za shangazi

Nyama na maziwa haviruhusiwi kutoka Uingereza kuingia Umoja wa Ulaya. Tangu Aprili 2025 Uingereza nayo imekataza wasafiri kuingiza nyama ya ng'ombe, mbuzi, kondoo na nguruwe pamoja na maziwa na jibini kutoka huko, hata kama ni kipande kilichotiwa ndani ya mkate. Kwa hiyo sambusa za nyama ziliwe St Pancras, kabla ya geti. Za mboga zipande treni. Ndani kuna behewa la vinywaji na vitafunio, bei zake usiziulize, na anayekula halali asitegemee kuipata humo.

9. Chini ya bahari hakuna samaki

Waambie watoto mapema. Njia ya chini ya Mlangobahari wa Uingereza, iliyofunguliwa Mei 1994, ina urefu wa kilomita 50, na karibu 38 kati ya hizo ziko chini ya bahari. Utakachoona ni giza la dakika kama 20 na sura yako kwenye kioo.

10. Si kila mji mkuu una reli ya kasi

Tangu Desemba 2024 kuna treni ya kasi ya moja kwa moja Paris–Berlin, mara moja kwa siku kila upande, saa nane hivi. Vienna–Budapest ni saa mbili na dakika arobaini, kwa mwendo wa wastani lakini viti vizuri. Madrid na Lisbon, majirani kabisa, hazina hata treni moja ya moja kwa moja. Hapo panda ndege bila kujilaumu.

11. Ikichelewa, dai

Sifa ya Wajerumani kwa kutunza muda ibaki kwenye magari yao. Mwaka 2024 treni zao za masafa marefu zilizofika kwa wakati zilikuwa asilimia 62.5. Sheria ya Umoja wa Ulaya inasema ukichelewa kufika kwa saa moja hadi mbili unarudishiwa robo ya nauli, na kuanzia saa mbili ni nusu, isipokuwa pale sababu iko nje kabisa ya uwezo wa shirika, kama dhoruba kali.

Ndiyo maana safari ya treni mbili ni bora uinunue kwa tiketi moja. Ya kwanza ikichelewa ukaikosa ya pili, ni wajibu wao kukufikisha. Ukinunua tiketi mbili kwa mashirika tofauti ili kuokoa yuro kumi, hasara inaweza kubaki kwako. Picha ya tiketi na ya ubao unaoonyesha ucheleweshaji zihifadhi kwenye simu. Fomu ya madai hujazwa mtandaoni, hata ukiwa umesharudi Tanga.