Kosa Langu la XX

Wanachuo wenzangu, kosa langu la muhula huu liwe somo kwenu. Kwenye semina ya historia ya uchumi tulionyeshwa picha za sarafu mbili za Ujerumani ya karne ya 18, zote za madini ya fedha. Moja ina alama X, nyingine XX. "Ipi ina thamani zaidi?" Mimi huyo, mkono juu: "Ya XX, si ndiyo ishirini?" Kumbe nimechemka!

Wakati ule Ujerumani haikuwa nchi moja. Palikuwa na mamia ya himaya ndogo, maaskofu watawala na miji huru, na nyingi ziligonga sarafu zake. Mfanyabiashara wa Nürnberg akifika Frankfurt alipewa hela zenye sura za watu asiowajua. Angejuaje kama fedha iliyomo inatosha?

Mwaka 1753 Austria na Bavaria zilikubaliana kipimo kimoja, na wengi wa wale wadogo wakafuata. Walianzia kwenye marki ya Köln, uzito wa gramu 234 hivi. Marki moja ya fedha safi ilitoa thaler 10. Piga hesabu: kila thaler ina gramu 23.4 za fedha safi. Ukijumlisha shaba iliyochanganywa, sarafu nzima inafika gramu 28. Ndiyo maana ya X EINE FEINE MARK: kumi kwa marki moja safi. Ya XX ni nusu thaler, zinatakiwa ishirini kutimiza marki. Namba ikipanda, sarafu inashuka!

Kwa nini waandike hivyo? Kwa sababu sura ya mtawala hudanganya. Katika Vita vya Miaka Saba (1756–1763), Friedrich II wa Prussia aliiteka Saxony, zikagongwa sarafu zenye sura ya mtawala wa Saxony huku fedha imepunguzwa. Aliyelipwa nazo aliumia, bei zikapanda. Vita vilipoisha mwaka 1763, Saxony nayo ikakifuata kipimo cha X.

Hata thaler ya Maria Theresa ya mwaka 1780, iliyotumika mpaka Zanzibar, ni ya kipimo hichohicho. X ilikuwa ahadi ambayo ingeweza kukaguliwa. Kwa hiyo ukiona namba kwenye sarafu, usikimbilie kunyoosha mkono kama mimi. Jiulize kwanza: hii ni namba ya nini?