Kubana Video za Eko ya Moyo Bila Kupoteza: Ukubwa wa Faili na Kasi ya Kazi

Homa ya baridi yabisi huanza kwa maumivu ya koo ambayo familia nyingi huyapuuza. Kwa baadhi ya watoto, kinga ya mwili inayopambana na bakteria wa koo hugeuka na kushambulia vali za moyo, hasa vali ya mitrali. Kovu hujengeka kimya kwa miaka, na mara nyingi mgonjwa hufika hospitalini akiwa tayari anahema kwa shida, au akiwa mjamzito ambaye moyo wake umeshindwa kuubeba mzigo wa ujauzito. Kipimo cha eko, yaani ultrasaundi ya moyo, huweza kuuona ugonjwa huu kabla ya dalili kujitokeza.

Faida ya kuuona mapema si ndogo. Nchini Uganda, jirani wa Mkoa wa Kagera, utafiti uliochapishwa mwaka 2021 ulifuatilia watoto wenye umri wa miaka 5 hadi 17 waliogunduliwa kwa eko wakiwa bado hawana dalili. Baada ya miaka 2, ugonjwa ulikuwa umeendelea kwa watoto 3 kati ya 399 waliokuwa wakidungwa penisilini kila baada ya wiki 4, na kwa watoto 33 kati ya 400 ambao hawakudungwa.

Kwa mkazi wa Miembeni katika Manispaa ya Bukoba, au wa visiwa vya Muleba kama Goziba na Bumbire, daktari bingwa wa moyo anaweza kuwa ng'ambo ya Ziwa Viktoria, katika Hospitali ya Bugando jijini Mwanza, au mbali zaidi, katika Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete jijini Dar es Salaam. Kusafirisha faili la video ni rahisi kuliko kumsafirisha mgonjwa, lakini faili hilo ni kubwa, nalo likipunguzwa ovyo hupoteza kile ambacho bingwa anakitafuta. Somo hili linaeleza jinsi ya kulibana bila kupoteza chochote, na jinsi ya kuchagua kati ya kodeki yenye kasi na kodeki yenye faili dogo.

Uzito wa video moja

Mfano wa kufundishia ni huu. Video ya eko ina fremu 30 kwa sekunde na inadumu sekunde 3, muda unaotosha mapigo kadhaa ya moyo. Kila fremu ina pikseli 800 kwa 600, na kila pikseli hutumia baiti 3: nyekundu, kijani na bluu. Fremu moja basi ina baiti 1,440,000, na fremu zote 90 zina baiti 129,600,000, yaani takriban megabaiti 130. Kipimo kamili cha eko huwa na video nyingi za namna hii.

Mtandao wenye uwezo wa kupandisha megabiti 2 kwa sekunde hupitisha robo ya megabaiti kila sekunde, kwa kuwa baiti moja ni biti 8. Video hiyo moja itahitaji takriban sekunde 518, karibu dakika 9. Video 20 zitahitaji karibu saa 3. Ndipo mhudumu hushawishika kuituma kwa njia ya mkato.

Maana ya kubana bila kupoteza

Khanga iliyokunjwa huchukua nafasi ndogo, na ikifunguliwa huwa ni ileile. Ndizi iliyokaushwa nayo huchukua nafasi ndogo, lakini hairudi kuwa mbichi. Kubana bila kupoteza ni kama kukunja khanga: faili likifunguliwa, kila pikseli hurudi na thamani yake ileile. Kubana kwa kupoteza ni kama kukausha ndizi: kilichoondoka hakirudi. Programu nyingi za kutuma ujumbe kwa simu hubana video kwa njia hii ya pili zinapoituma kama video ya kawaida.

Hasara hiyo inaweza kugusa utambuzi wa ugonjwa. Vigezo vya Shirikisho la Moyo Duniani vya mwaka 2012 vilihesabu unene wa milimita 3 au zaidi wa kipande cha mbele cha vali ya mitrali, kwa mtu mwenye umri wa miaka 20 au chini, kuwa mojawapo ya dalili za ugonjwa. Iwapo kina cha sentimita 16 kimechorwa kwa pikseli 480, milimita 3 ni pikseli 9 tu. Kodeki nyingi za kupoteza huigawa picha katika vigae, na ukubwa wa kawaida wa kigae ni pikseli 8 kwa 8. Zikibana kwa nguvu, kingo za vigae hivyo huonekana, na vali yenye unene wa pikseli 9 hukosa mpaka unaopimika.

Haimaanishi kwamba kila ubanaji wa kupoteza ni hatari. DICOM, kanuni ya kimataifa ya picha za kitabibu inayotumia jina hilo tangu mwaka 1993, inaruhusu baadhi yake, na ukifanywa kwa kiasi unaweza kutosha kwa usomaji. Kubana bila kupoteza hufaa pale ambapo hakuna aliyethibitisha kiasi hicho, au pale nakala inapohifadhiwa ili ilinganishwe na kipimo cha miaka ijayo.

Kodeki zinazolinganishwa

Kodeki nyingi za aina hii huanza na hila moja: kukisia. Pikseli zenye thamani 112, 113, 113 na 115 zinaweza kuandikwa kama 112, kisha ongeza 1, ongeza 0, ongeza 2. Namba ndogo zinazojirudia hupewa alama fupi, kwa mbinu ambazo asili yake ni kazi ya David Huffman ya mwaka 1952 na nyingine zilizofuata. Tofauti ya kodeki iko katika ubora wa ukisiaji na nguvu ya kompyuta inayotumika.

Huffyuv, iliyoandikwa na Ben Rudiak-Gould, hukisia kwa njia nyepesi na kutumia alama za Huffman. Ina kasi kubwa, lakini faili lake hubaki kubwa. FFV1, iliyoanzishwa na Michael Niedermayer katika mradi wa FFmpeg, huangalia pikseli jirani kwa makini zaidi. Kwa kawaida hutoa faili dogo kuliko Huffyuv kwa muda mrefu zaidi. Toleo lake la 3 huweka alama ya uhakiki katika kila sehemu ya fremu, hivyo faili lililoharibika njiani hugundulika. H.264 nayo ina namna ya kutopoteza, na huweza kulinganisha fremu moja na nyingine. Hata hivyo, chembechembe za ultrasaundi hubadilika kutoka fremu hadi fremu, hivyo faida ya ulinganishaji huo huwa ndogo kuliko katika video tulivu.

Kwa upande wa DICOM, zipo JPEG-LS ya mwaka 1999, yenye kasi nzuri na ubanaji mzuri, na JPEG 2000, ambayo kwa kawaida ni nzito zaidi kwa kompyuta. Zote mbili huibana kila fremu peke yake. Huffyuv na FFV1 hazimo katika DICOM: seva ya picha ya hospitali haitazifungua, na jina la mgonjwa, tarehe na kipimo cha milimita kwa kila pikseli hubaki nje ya video. Bingwa asiye na kipimo hicho anaiona vali, lakini hawezi kuipima kwa uhakika.

Kwa picha za kitabibu, kubana bila kupoteza hupunguza faili kwa kawaida hadi nusu au theluthi. Anayeahidi sehemu ya kumi kwa video ya eko anapaswa kuulizwa ni nini kimeachwa.

Hesabu ya muda

Kinachomhusu mgonjwa ni muda wote: muda wa kubana, ukijumlishwa na muda wa kutuma na muda wa kufungua. Katika mfano ufuatao, muda wa kufungua umeachwa ili hesabu iwe nyepesi, na namba za kodeki ni za kufundishia tu. Kodeki ya kwanza hubana video ile kwa sekunde 3 na kuifikisha nusu, megabaiti 64.8. Kodeki ya pili huchukua sekunde 30 na kuifikisha megabaiti 51.8.

Katika mtandao wa megabiti 2 kwa sekunde, ya kwanza hutumia sekunde 3 na 259, jumla 262. Ya pili hutumia 30 na 207, jumla 237. Ya pili imeshinda. Katika mtandao wa megabiti 20, ya kwanza hutumia 3 na 26, jumla 29. Ya pili hutumia 30 na 21, jumla 51. Sasa ya kwanza imeshinda. Mpaka kati ya hali hizo mbili ni karibu megabiti 4 kwa sekunde.

Kanuni inayopatikana ni hii: mtandao ukiwa wa polepole, faili dogo lina thamani kuliko kasi ya kubana, mtandao ukiwa wa haraka, kasi ya kubana ina thamani zaidi. Kodeki iliyo bora katika hospitali ya mjini inaweza kuwa mbaya kisiwani, bila yenyewe kubadilika.

Mitego mitatu

Mtego wa kwanza ni rangi. Eko ya rangi huonyesha damu inayoelekea kwenye kifaa kwa nyekundu na inayoondoka kwa bluu, na mtiririko mwembamba unaorudi nyuma kupitia vali iliyoharibika huonekana kwa rangi hizo. Baadhi ya programu hupunguza taarifa za rangi kabla ya kodeki kuanza kazi. Kodeki haikupoteza kitu, lakini ilichopewa kilikuwa tayari pungufu.

Mtego wa pili ni asili ya faili. Baadhi ya mashine huhifadhi video ikiwa tayari imebanwa kwa kupoteza. Kuibana upya bila kupoteza hakurudishi kilichopotea, na faili jipya mara nyingi huwa kubwa kuliko lile la mwanzo. Faili kama hilo litumwe lilivyo.

Mtego wa tatu ni kudhani kwamba kubana ni kuficha. Faili lililobanwa hufunguka kwa yeyote mwenye programu yake. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Tanzania tarehe 1 Mei 2023, inahesabu taarifa za afya kuwa taarifa nyeti. Faili lifungwe kwa nywila au lipitie mfumo salama wa hospitali.

Mambo ya kutenda

Mhudumu apime kwanza kasi ya kupandisha ya mtandao wake, kwa kuwa mara nyingi ni ndogo kuliko ya kushusha. Ajaribu kodeki mbili kwa video ileile, aandike ukubwa na muda, kisha ajumlishe. Pale hospitali inapopokea DICOM, achague ndani ya DICOM. Mwisho athibitishe: FFmpeg huweza kutoa alama ya md5 ya kila fremu, na alama za kabla na baada ya kubana zikilingana zote, hakuna pikseli iliyobadilika.

Mgonjwa au mzazi naye ana haki ya kuuliza maswali matatu: je, bingwa atapata video yenyewe au picha ya simu iliyopigwa kwenye skrini? Nani mwingine ataweza kuifungua? Nakala kamili itatunzwa wapi ili ilinganishwe na kipimo kijacho? Mtoto anayeanza sindano za penisilini huendelea nazo kwa miaka, na familia yake inastahili kujua kwamba uamuzi huo umetokana na vali yake kama ilivyoonekana siku ya kipimo.

Zoezi

Kituo kina mtandao wa kupandisha megabiti 4 kwa sekunde. Faili la megabaiti 90 linaweza kufikishwa megabaiti 45 kwa sekunde 2, au megabaiti 36 kwa sekunde 25. Njia ipi ni ya haraka? Jibu: ya kwanza, kwa sekunde 92 dhidi ya 97. Mtandao ukishuka hadi megabiti 2, jibu hugeuka: sekunde 182 dhidi ya 169.