Kubadilisha Maji ya Kiziwa Bila Kubeba Bidoni

Somo la leo ni juu ya maji ya viziwa vya samaki, ile ambayo wengine huita etan. Wengi mmetuuliza katika vikao: maji yakiharibika tuyabadilishe namna gani, na kazi hii isituvunje mgongo? Tuanze na jambo lililotupata, halafu tuingie katika mafundisho.

Asubuhi moja ya mwezi wa 7

Mama mmoja, memba wetu kwenye barabara ya kutoka Kasongo kwenda Kabambare, alituma mtoto kutuita kabla jua halijatoka. Tulipofika tulikuta watoto wake na watoto wa jirani wamepanga mstari kati ya kijito na kiziwa, kila mmoja na bidoni kichwani. Tilapia walikuwa juu, midomo wazi, wanatafuta hewa. Mama akatuambia: «Bwana agronomu, tunabeba maji tangu saa tisa ya usiku, lakini hakuna kitu inabadilika.»

Kiziwa chake kina mita 10 kwa mita 10. Watoto walikuwa wamekwisha kumwaga bidoni 60 za litre 20. Tulihesabu pamoja naye: bidoni 60 ni litre 1 200. Katika kiziwa cha ukubwa ule, litre 1 200 zinapandisha maji sentimita 1 tu na kidogo, unene wa kidole. Ili kubadilisha sentimita 10 angehitaji litre 10 000, maana yake bidoni 500. Hakuna jamaa inayoweza kubeba hivyo kwa usiku mmoja.

Saa mbili asubuhi sehemu kubwa ya samaki ilikuwa imekufa. Walikuwa wa kuuzwa kwa ajili ya pesa ya masomo ya mwezi wa 9.

Lazima tuseme ukweli: kosa lilikuwa letu pia. Katika mafunzo tulimwambia atie mavi ya mbuzi na pumba za mpunga, tena tulimwambia «maji yakiwa mabaya, badilisha.» Lakini hatukumwonyesha maji yatatokea wapi. Kiziwa chake hakikuwa na mlango wa kutokea. Kubadilisha maji si kazi ya nguvu, ni kazi ya kupanga njia ya maji mbele ya wakati.

Kwa nini samaki hukosa hewa alfajiri

Mchana, majani madogo sana yanayofanya maji kuwa ya kijani hutoa hewa ndani ya maji, kwa nguvu ya jua. Usiku yanaacha kutoa, na yenyewe yanaanza kuivuta, pamoja na samaki na uchafu unaooza chini. Ndiyo sababu hewa hupungua kabisa karibu na saa kumi na moja alfajiri.

Uchafu unakaa chini: mabaki ya chakula, mavi ya samaki, majani yaliyooza. Maji ya chini ndiyo mabaya zaidi. Maji ya juu ndiyo mazuri, ndiyo yenye chakula cha tilapia. Sasa angalia kiziwa ambacho maji yake hutoka kwa kufurika juu ya ukingo: kinatupa maji mazuri na kulinda mabaya! Sheria ya kwanza ya somo hili ni hii: toa maji ya chini, acha ya juu.

Pima kwa mkono kabla ya kubadilisha

Si kila maji ya kijani ni mabaya. Ingiza mkono polepole mpaka kwenye kiwiko, saa za katikati ya mchana, ukitazama vidole.

– Vidole vikipotea maji yanapofika karibu na kiwiko: maji ni mazuri. Usiyaguse.
– Vidole vikionekana vizuri hata kiwiko kikiwa ndani: maji ni maskini. Usibadilishe, ongeza kompositi kidogo.
– Vidole vikipotea maji yakiwa yamepita kidogo tu kifundo cha mkono: maji ni mazito. Acha chakula na mbolea, toa sentimita 10 za chini, ingiza mapya.

Alama nyingine ni harufu mbaya, rangi nyeusi, na samaki kuhema juu alfajiri. Msidanganywe na kambale: yeye anaweza kupanda na kuvuta hewa ya nje, kwa hiyo anaishi mahali tilapia anakufa. Mtazameni tilapia.

Kuna memba wanaoacha maji yaingie na kutoka mchana na usiku, wakifikiri ni usafi. Hapana. Maji yanayopita bila kusimama yanaosha mbolea yote na kuleta baridi ya kijito. Tilapia anakua vizuri katika maji ya joto, kati ya digri 25 na 30.

Njia ya kwanza: mpira wa maji

Hii ni ya kiziwa kilichokwisha kuchimbwa bila mlango wa kutokea. Unahitaji mpira wa maji wa mita 10 hivi, wenye tundu la kuingia kidole gumba. Sharti ni moja: mahali pa kumwaga, nje ya ukingo, pawe chini kuliko uso wa maji ya kiziwa. Mpira hauwezi kupandisha maji mlimani.

1. Funga kichungi kwenye mdomo wa ndani: kopo la bati lililotobolewa kwa msumari, au kikapu kidogo. Usitumie chandarua chenye dawa ya mbu. Dawa ile inaua samaki, na chandarua ni cha kulalia watoto.
2. Funga jiwe karibu na mdomo huo ili ukae chini, lakini uinue kwa upana wa kiganja usivute tope.
3. Zamisha mpira wote ndani ya kiziwa mpaka mapovu yaishe. Usivute kwa mdomo: maji haya yana mbolea na magonjwa.
4. Ziba mdomo mwingine kwa kiganja, uvushe juu ya ukingo, uushushe chini kabisa, kisha uachie. Maji yatatoka yenyewe.

Pima kasi kwa bidoni. Ikiwa bidoni ya litre 20 inajaa kwa dakika 1, bidoni 500 zitatoka kwa masaa 8 na kidogo. Ile kazi ya bidoni 500 inafanyika wewe ukiwa shambani.

Je, nikisahau, kiziwa kikauke? Kwenye sehemu ya mpira iliyo ndani ya kiziwa, toboa tundu kwa msumari mkubwa, sentimita 10 chini ya uso wa maji, halafu funga mpira kwenye kijiti usisogee. Maji yakishuka mpaka kwenye tundu, hewa inaingia na mpira unaacha kuvuta. Mara ya kwanza kaa uangalie kama umekatika kweli. Ukiendelea kuvuta, ongeza ukubwa wa tundu.

Njia ya pili: tiyo inayoinama

Hii ndiyo bora kwa kiziwa kipya, au siku mnapokausha kiziwa kwa mavuno. Tumieni tiyo ya plastiki ya milimita 110, au ya 75 kwa kiziwa kidogo.

1. Laza tiyo chini ya ukingo, mahali penye kina kirefu zaidi, ikiteremka kidogo kuelekea nje.
2. Shindilia udongo wa mfinyanzi kuizunguka, tabaka kwa tabaka. Usipoharakisha hapa, ukingo hautavuja.
3. Ndani, funika mdomo kwa kichungi.
4. Nje, weka kiwiko cha tiyo, na juu yake tiyo iliyosimama, ndefu mpaka kimo cha maji unachotaka. Usitie gundi kwenye kiwiko. Kifunge kwa mpira wa ndani wa gurudumu la baiskeli, uweze kukilegeza na kukigeuza.

Tiyo ikisimama, kiziwa kinajaa. Ukiinamisha mdomo wake sentimita 10, maji yanashuka sentimita 10 na kusimama yenyewe. Na kwa sababu mdomo wa ndani uko chini, maji yanayotoka ni yale machafu. Mtoto wa miaka kumi anaweza kuifanya. Ndiyo sababu pia muifunge vizuri kwenye mti uliosimikwa: mbuzi akiiangusha, kiziwa kitakauka.

Asiye na pesa ya tiyo atumie mwanzi mnene. Pasua vifundo vya ndani kwa chuma kirefu, uulaze vilevile chini ya ukingo, uzibe mdomo wa nje kwa mti uliovikwa kitambaa na udongo. Hauwezi kuinamishwa, kwa hiyo utasimama pale ukiangalia maji. Mwanzi unaoza, ukaguliwe kila mavuno.

Maji mapya yaingie kwa kuanguka

Mlango wa kuingilia uwe juu ya uso wa maji, sentimita 15 mpaka 20, na maji yaanguke juu ya jiwe au ubao. Yakivunjika yanabeba hewa. Weka kichungi hapa pia, ili samaki wa porini wasiingie kula watoto wa tilapia. Mvua kubwa ikinyesha na kijito kikawa chekundu, funga mlango mpaka maji yatulie.

Toeni na kuingiza kidogo kidogo, sentimita 10 kwa mara moja. Kubadilisha nusu ya kiziwa siku moja kunawashtua samaki kwa baridi.

Ikiwa mnawakuta tayari wanahema alfajiri, fanyeni haya mara moja: acheni chakula, toeni kompositi ndani ya maji, fungueni mlango wa kuingilia, na mpige maji kwa matawi au kuyachota na kuyamwaga kutoka juu mpaka jua lipande. Yule mama, siku ile, watoto wake wangesaidia zaidi kwa kupiga maji kuliko kubeba bidoni.

Wakati wa kiangazi: maji ni ya wote

Kuanzia mwezi wa 6 mpaka wa 8 vijito vyetu vinavyoshuka kwenda Luama na Lualaba vinapungua. Hapa ndipo ugomvi unaanza. Wa juu anafunga kijito chote, wa chini anabaki na tope. Au wa juu anamwaga maji machafu katika mfereji uleule ambao wa chini anajazia kiziwa chake, naye anapokea ugonjwa wa jirani.

Tunashauri kila kooperative ikubaliane mambo matatu kabla ya kiangazi:

– Kila kiziwa kiwe na mfereji wake wa kuingiza na wake wa kutoa. Maji yasipite kutoka kiziwa hadi kiziwa.
– Kuwe na zamu ya siku, iliyoandikwa na inayojulikana na wote. Mwenye samaki wanaohema apewe nafasi mbele, hata kama siyo siku yake.
– Kila mtu apunguze chakula na mbolea katika miezi hiyo. Maji yasiyochafuka hayahitaji kubadilishwa.

Maji yanayotoka yasipotee. Yana mbolea. Yaelekezeni kwenye lengalenga, nyanya na migomba. Mboga za majani zinyunyizieni chini, kwenye mizizi, na zioshwe vizuri kabla ya kupikwa. Kateni majani ya ukingoni pia, kwa sababu konokono wa kichocho wanapenda kukaa humo.

Tulirudi kwa yule mama

Mwezi wa 8 alikausha kiziwa, na memba wenzake sita wakaja na majembe. Walikata ukingo, wakalaza tiyo, wakashindilia kwa siku mbili. Hatukulipa siku yake ya masomo. Ile hasara ilibaki hasara, na mtoto mmoja alianza shule akiwa amechelewa. Lakini tulipopita tena, maji yalikuwa ya kijani kizuri, vidole vinapotea kwenye kiwiko. Tulimwuliza bidoni ziko wapi. Akasema: «Zinatia mawese.»

Maswali ya kuzungumza katika kikao

1. Ni viziwa vingapi katika kooperative yetu havina mlango wa kutokea? Tuviandike kwa majina ya wenyewe.
2. Kila mmoja apime kiziwa chake: urefu mara upana, halafu ahesabu sentimita 10 ni bidoni ngapi. (Mita 1 kwa mita 1 ni bidoni 5.)
3. Tunaweza kununua pamoja mpira mmoja wa maji na kuuzungusha kwa zamu? Nani ataulinda?
4. Kwenye kijito chetu, nani yuko juu, nani yuko chini, na tumekubaliana nini kwa kiangazi?

Mkishapima, leteni hesabu zenu tutakapokuja. Tutaanza na wale ambao hawana mlango kabisa.