Tumbaku Laini ya Kiko: Mambo ya Kujua Kabla ya Kuwasha

Malori ya tumbaku kutoka Tabora, Urambo na Chunya huja kushusha mzigo Morogoro kwenye viwanda vya kuchakata jani, na makontena yakishajazwa hupita barabara ya Kingolwira yakielekea bandari ya Dar es Salaam. Wakazi wa huku Morogoro wanaijua tumbaku kwa harufu yake na kwa vibarua vya msimu. Hata hivyo, anayekaa barazani jioni na kiko chake mara nyingi hajui ni jani gani analivuta, limekaushwaje, wala kwa nini siku nyingine linamtuliza na siku nyingine linamtia kizunguzungu. Makala haya yameandikwa kwa ajili yake, mtu mzima ambaye tayari anavuta kiko. Asiyevuta asianze, kwa sababu hakuna namna salama ya kuvuta tumbaku. Lakini anayevuta ana haki ya kuambiwa yote, ya ladha na ya madhara, bila kufichwa.

Tanzania tunalima tumbaku za aina tatu, na tofauti yake kubwa iko kwenye ukaushaji. Ya mvuke hukaushwa ndani ya bani, yaani banda la kukaushia, kwa joto linalopita kwenye mabomba, na kuni nyingi huteketea humo. Ya moshi, ambayo Songea na Namtumbo wanaifahamu vizuri, huning'inizwa juu ya moto hadi jani linakuwa jeusi na kunuka moshi. Ya tatu ni ya hewa, nayo ndiyo burley. Hii haihitaji moto. Mmea hukatwa mzima na shina lake, ukapinduliwa na kuning'inizwa kwenye banda lenye kivuli na upepo kwa muda wa wiki nne hadi nane.

Jani la burley halifi siku linapokatwa. Linaendelea kuishi likiwa limening'inia, linapumua, na kwa kuwa halipati tena chakula kutoka ardhini, linakula sukari yake lenyewe mpaka linaimaliza karibu yote. Linanyauka, linageuka manjano, halafu kahawia, na mwisho mshipa wa katikati unakauka. Jani la mvuke, kwa upande wake, huuawa na joto ndani ya siku chache, kwa hiyo sukari hubaki nyingi. Hapo ndipo tofauti ya mdomoni inapoanzia. Burley haina utamu. Ina ladha kavu, ya karanga zilizokaangwa na kakao isiyotiwa sukari, na wanaoipenda huipenda kwa sababu hiyo hiyo.

Mbegu yenyewe ina historia fupi. Mwaka 1864, katika Brown County jimboni Ohio, Marekani, mkulima George Webb alipanda mbegu zilizotoka Bracken County, Kentucky, akaona miche imepauka kama inayoumwa. Ilipopewa nafasi ya kukua, jani lake likakutwa jepesi na lenye uwezo mkubwa wa kufyonza vionjo. Barani Afrika, jirani zetu wa Malawi ndio waliojenga uchumi wao juu ya burley kuliko nchi nyingine yoyote. Ule uwezo wa kufyonza ndio unaowafanya watengenezaji waipende mno. Jani likinyunyiziwa kakao, vanila au asali, linabeba kila kitu. Tumbaku ya kiko ya mtindo wa zamani huongezwa vitu vichache, na unapoivuta unaonja jani lenyewe. Ile inayonukia peremende imepakwa vionjo, na harufu yake nzuri haipunguzi sumu hata kidogo.

Sasa nikuombe uache kazi nyingine usome aya hii taratibu. Tumbaku inaitwa laini kwa sababu haichomi koo, lakini ulaini huo hauna uhusiano na kiasi cha nikotini kinachoingia mwilini. Kwa kuwa burley haina sukari, moshi wake una hali ya alkali, na nikotini iliyo katika moshi wa namna hiyo hupenya kwenye ngozi laini ya ndani ya mashavu na chini ya ulimi. Huhitaji kuuvuta hadi kifuani. Mvutaji wa kiko anayesema, "Mimi siumezi moshi," amepunguza mzigo wa mapafu yake, na hilo ni jambo la maana, ila nikotini anaipata ya kutosha kumfanya mtumwa wa kiko. Ndiyo maana mtu anavuta kiko kizima cha tumbaku "laini" akiwa hajala, kisha anatokwa na jasho jembamba, kwikwi, kichefuchefu na kizunguzungu. Hizo ni dalili za nikotini kuzidi. Weka kiko chini, kaa penye hewa, kunywa maji. Usivute na tumbo tupu, na usijaze kiko kikubwa kwa kuwa tu jani haliumi.

Kuna jambo la pili la burley ambalo wauzaji hawalitaji. Mmea huu unapenda mbolea ya naitrojeni, na jani hulimbikiza naitreti. Wakati wa kukauka taratibu, na hata baadaye likihifadhiwa penye unyevu, bakteria huigeuza naitreti hiyo, na huzaliwa kemikali ziitwazo nitrosamini, ambazo baadhi yake husababisha saratani. Katika hizo, burley kwa kawaida inaizidi tumbaku ya mvuke. Kwa hiyo jani lililovunda si suala la ladha mbaya tu.

Twende sokoni. Wauzaji wa jani wana lugha yao, na ukiamkia vizuri utajibiwa vizuri: "Shikamoo mama." "Marahaba mwanangu. Unataka ya kiko au ya ugoro?" Swali hilo lina maana. Jani la ugoro mara nyingi ni jeusi, zito na kali, na linasagwa. La kiko la aina ya hewa liwe la kahawia iliyolingana, jepesi mkononi, na ukilinyoosha liwe na unyumbufu kidogo. Mabaka ya kijani yanaonyesha lilikaushwa haraka mno, na litakuwa chungu. Harufu ya mkojo, ile ya amonia, inaonyesha bado ni changa na halijakaa vya kutosha. Burley inahitaji miezi kadhaa ya kupumzika kabla ya kuvutwa. Ukiona unga mweupe au wa kijivu, ukanusa, ukasikia harufu ya chumba kilichofungwa muda mrefu, huo ni ukungu. Liache. Usidanganyike kwamba moto utauua. Hakuna sababu ya kupeleka ukungu kifuani.

Unyevu ndio unaoamua kama uvutaji utakuwa mtulivu au utakuunguza ulimi. Chukua fumba moja la tumbaku iliyokatwa, libane kwa vidole, kisha uachie. Ikibaki imegandamana, imelowa mno; mvuke wake utaunguza ulimi na kiko kitazimika kila mara. Ikivunjika kuwa unga, imekauka kupita kiasi na itawaka kwa kasi na joto. Inayofaa hujibana, halafu hufumuka taratibu yenyewe. Kingolwira wakati wa masika, Machi hadi Mei, mifuko ya plastiki iliyoachwa jikoni huleta ukungu haraka. Tumia chupa ya kioo yenye mfuniko unaokaza, iliyooshwa na kukaushwa vizuri, na uiweke kivulini. Kiangazi kikiingia tatizo hugeuka, na jani hukauka. Liweke kwenye bakuli, funika bakuli kwa kitambaa safi kilichokamuliwa vizuri bila kugusa tumbaku, na ukague kila baada ya saa moja au mbili. Wapo wanaotupia ganda la kiazi au la ndizi ndani ya chupa. Waache, ganda hilo ndilo mlango wa ukungu.

Na chupa hiyo ikae juu, mbali na watoto. Mtoto mdogo akimeza tumbaku, hata kidogo, anaweza kutapika, kutokwa na mate mengi, kulegea au kupata degedege. Hilo ni la kukimbiza hospitali wakati huo huo, pamoja na mabaki ya kile alichomeza ili daktari akione. Usisubiri kuona kama atapata nafuu.

Kujaza kiko kunahitaji subira kuliko ustadi. Burley iliyokatwa nyembamba huwaka upesi na kwa joto. Iliyokatwa vipande vinene huwaka polepole na kwa baridi, kwa hiyo ukiweza kuchagua, chagua nene. Dondosha fumba la kwanza bila kulibana kabisa. La pili libane kidogo kwa kidole. La tatu libane zaidi, lakini tumbaku ibaki na unyumbufu ukiigusa. Kabla ya kuwasha, vuta hewa: ikipita kwa wepesi wa soda kwenye mrija, umejaza sawa. Ikigoma, mwaga uanze upya. Washa kwa kiberiti cha njiti, zungusha moto juu ya tumbaku yote huku ukivuta pumzi fupi. Tumbaku itainuka. Ikandamize taratibu kwa kichwa bapa cha msumari, halafu washa mara ya pili. Baada ya hapo vuta kidogo kidogo, moshi uishie mdomoni, kwa mwendo ambao kiko kiko karibu kuzima. Kikizima, washa tena, si kosa. Kiweke shavuni mara kwa mara: kikikuchoma, unavuta kwa haraka, kipumzishe. Ulimi unaowaka ni kazi ya joto na mvuke kuliko ukali wa jani, na wengi wanaolalamika kuwa tumbaku fulani ni mbaya wanaivuta mbiombio.

Usafi wa kiko ni jambo dogo linaloachwa. Ukimaliza, mwaga majivu na upitishe unyoya wa kuku, uliooshwa na kukauka, ndani ya mrija. Kiko cha mti kipumzike siku nzima kabla ya kutumika tena, vinginevyo unyevu hubaki ndani na ladha huchacha. Ukoko wa masizi unaojijenga ndani hukilinda kiko cha mti kisiungue, na burley huujenga vizuri. Uuache uwe mwembamba kama unene wa sarafu, ukizidi ukwangue kwa kisu butu, kwani ukoko mnene unaweza kukipasua kiko. Kiko cha udongo hakihitaji ukoko. Na usishirikiane kiko na mwenzako, hata awe ndugu wa tumbo moja. Mate hubeba magonjwa.

Kuna wanaoniuliza kuhusu mti wa viko vya dukani. Ni uvimbe wa shina, karibu na mizizi, wa mmea uitwao Erica arborea, unaovunwa pwani za Mediterania. Mmea huo upo pia kwenye milima mirefu ya Afrika Mashariki, lakini usifikirie kuuchimba: kuutoa uvimbe huo ni kuung'oa mmea mzima, na milima yetu haiwezi kulipa gharama hiyo.

Milima pia inahitaji ulinzi dhidi ya majivu yako. Kuanzia Juni hadi Oktoba nyasi za huku zinakauka, na cheche moja ya kiko inatosha. Safu ya Uluguru ndiyo inayolisha mto Ruvu, ambao Dar es Salaam inautegemea kwa maji, na misitu yake imelindwa kama hifadhi ya mazingira asilia tangu 2008. Ukiwa shambani mteremkoni, usivute kabisa. Ukiwa nyumbani, mwaga majivu kwenye kopo lenye mchanga au maji, hata ukidhani yamezima. Kaa la tumbaku hujificha chini ya majivu kwa muda mrefu.

Nyumbani, vuta nje. Kufungua dirisha hakumlindi mtoto aliyelala chumba kile kile, wala mjamzito. Sheria ya Udhibiti wa Bidhaa za Tumbaku ya mwaka 2003 inakataza kumuuzia tumbaku aliye chini ya miaka 18, kwa hiyo usimtume mjukuu dukani akununulie, na inakataza kuvuta katika sehemu za umma kama hospitali, shule na vyombo vya usafiri. Kiko kinahesabiwa sawa na sigara.

Shirika la Afya Duniani linasema tumbaku huua watu zaidi ya milioni 7 kila mwaka. Kwa mvutaji wa kiko, sehemu za kuangaliwa kwanza ni midomo, ulimi, ufizi, mashavu kwa ndani na koo, ingawa mapafu na moyo navyo havisalimiki. Mara moja kwa mwezi simama penye mwanga na kioo, inua ulimi, vuta mashavu. Kidonda kisichopona kwa wiki 2 au 3, doa jeupe au jekundu lisilofutika, uvimbe shingoni, sauti iliyokwaruza muda mrefu, au chakula kinachokwama, vyote hivyo ni vya kupeleka kituo cha afya bila kusubiri viume. Saratani ya mdomo mwanzoni mara nyingi haiumi. Ikibidi utapewa rufaa hadi Taasisi ya Saratani Ocean Road, Dar es Salaam, na aliyewahi mapema ana nafasi kubwa zaidi ya kupona. Mhudumu akikuuliza kama unavuta sigara, usijibu "hapana" ukaishia hapo. Mwambie unavuta kiko, umevuta miaka mingapi, na mara ngapi kwa siku. Na kama unataka kuacha, mwambie siku hiyo hiyo, mkiwa mmekaa pamoja, akusaidie kupanga tarehe.