Mgonjwa Aliyepasuliwa Hupaswa Kutazamwa

Watu wengi wa Tassia, na wa mitaa mingine ya Eastlands mjini Nairobi, hudhani kwamba hatari ya kupasuliwa huisha mgonjwa atolewapo katika chumba cha upasuaji. Uchunguzi wa waganga umeonyesha kwamba sivyo.

Mwaka 2016 waganga wa nchi 25 za Afrika, Kenya ikiwa mojawapo, waliandika habari za wagonjwa 11,422 waliopasuliwa katika hospitali 247. Matokeo yalichapishwa mwaka 2018. Ilionekana kwamba mgonjwa wa Afrika, ingawa kwa kawaida alikuwa na umri mdogo kuliko wa nchi nyingine, alikuwa na hatari ya kufa maradufu ya wastani wa dunia. Na katika kila vifo 20, karibu 19 vilitokea baada ya siku ya kupasuliwa kupita.

Katika uchunguzi wa pili, uliochapishwa mwaka 2021, wagonjwa wenye hatari kubwa walitazamwa mara nyingi zaidi, vitanda vyao viliwekwa mahali ambapo wauguzi waliviona, na jamaa waliruhusiwa kukaa nao. Hata hivyo vifo havikupungua. Basi kuona dalili ni mwanzo tu. Lazima pawe na mganga wa kuitwa, na damu na dawa za kutolewa upesi.

Maumivu nayo yasidharauliwe. Wengine hujikaza kimya wakidhani ndio ushujaa. Lakini aliyepasuliwa tumbo, akishindwa kukohoa na kuvuta pumzi ndani kwa sababu ya maumivu, aweza kupata ugonjwa wa mapafu. Na asiyetembea, damu yaweza kuganda miguuni. Kwa hiyo dawa ya maumivu hutolewa kwa saa zake, isingojewe mpaka maumivu yazidi. Muuguzi aulizapo maumivu ni kiasi gani, toka 0 hadi 10, ajibiwe kweli. Tena aliyepewa morfini huhesabiwa pumzi, kwani dawa hiyo ikizidi hupunguza kupumua.

Jamaa aliye karibu na kitanda na amwite muuguzi mara moja aonapo mambo haya:

1. Damu inapenya bendeji.
2. Mgonjwa anapumua mbio, au polepole mno.
3. Usingizi mzito, au maneno ya kuchanganyikiwa.
4. Mkojo umekoma, au homa imepanda.

Asione haya kuita mara ya pili. Na mgonjwa akisharudi nyumbani, jeraha likivimba au kutoa usaha, arudishwe hospitali siku ile ile.